Umeme wa elfu kumi haumalizi wiki

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Mbagala, tumepanga vyumba viwili na sebule: mimi, mume wangu na watoto watatu. Mita ni yetu peke yetu. Tuna friji ya mtumba, tivi na king'amuzi, feni mbili, pasi, jagi la kuchemshia maji na taa tano. Zamani umeme wa 10,000 ulikuwa unafika siku tisa mpaka kumi, siku hizi wiki haiishi. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju, na siwezi kuacha. Napikia mkaa, sado moja ya 2,000 kwa siku, na mtungi wa kilo 6 ninaojaza kwa 24,000. Mume wangu kila siku ni zimeni taa, chomoeni chaja. Jirani ananiuzia kifaa cha kuchomeka ukutani, eti kinapunguza umeme kwa asilimia 40. Halafu taka: mzoa taka anapita mara moja kwa wiki, kiroba kinanuka mpaka mwenye nyumba analalamika. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia kwa kutokinunua hicho kifaa. Ukikifungua utakuta kapasita ndogo (kifaa kinachotunza chaji ya umeme kwa muda mfupi), waya mbili na kitaa cha kijani cha kukupa moyo. Kapasita zina kazi yake viwandani, kwenye mota kubwa, kwa sababu wateja wale wanapimiwa na kutozwa kwa namna nyingine. Mita ya nyumbani inahesabu uniti ulizotumia tu, na kifaa hicho hakipunguzi hata moja. Kikiwaka kile kitaa kinakula umeme chenyewe. Na akija fundi wa mtaani kukwambia anaweza "kuilegeza" mita, mfungie mlango kabisa. Hiyo ni kesi, faini na kukatiwa umeme kwa pamoja.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, 10,000 imekuwa ikitoa kama uniti 28 baada ya kodi, yaani uniti moja ni shilingi 357 hivi. Usipimie kwa ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na uniti zinatoka pungufu. Hata mpangaji inamkuta, na wengi hudhani mita imeharibika. (Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Kaa naye mwelewane.)

Uniti 28 zikiisha ndani ya siku sita, mnatumia kama uniti 4.7 kwa siku. Nimevipangia vifaa vyako matumizi ya kawaida ya nyumba kama yenu na jumla imefika hapo hapo: friji uniti 2, feni mbili usiku kucha karibu 1, jagi likichemsha mara nne 0.6, tivi saa tano 0.4, pasi 0.3, king'amuzi 0.24, taa tano 0.2. Utaona chaja haimo kabisa. Betri ya simu kubwa ya kisasa ikijazwa kutoka sifuri inataka kama wati-saa 25 pamoja na kinachopotea njiani. Maana yake uniti moja inachaji simu mara 40. Chaja iliyoachwa ukutani bila simu haili hata nusu ya uniti kwa mwezi mzima.

Kwa hiyo mwambie baba watoto, kwa heshima zote, kwamba anapigana na sisimizi wakati tembo yuko jikoni. Umeme wa nyumbani unaliwa na vitu vinavyotengeneza joto na vitu vinavyotengeneza baridi. Taa zilikuwa tatizo enzi za globu za wati 60: tano zikiwaka saa tano ni uniti moja na nusu. Kama zenu ni za LED za wati 9, zikiwaka muda huo huo ni shilingi 80 kwa siku zote tano. Kama bado mna hata globu moja ya zamani, hiyo ibadilishwe leo, halafu ugomvi wa taa uishe ndani ya nyumba.

Lakini hayo ni makadirio yangu, na mimi sijaiona friji yako. Mita yako imeiona. Itazame: kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na pembeni yake pameandikwa namba pamoja na "imp/kWh". Mara nyingi ni 1000 au 1600, nyingine 800 au 3200. Hiyo ni idadi ya mara kitaa kitakavyomulika ili uniti moja iishe. Jumapili moja zima kila kitu nyumbani, acha friji peke yake, subiri ianze kunguruma, kisha hesabu sekunde kati ya mmuliko mmoja na unaofuata kwa saa ya simu. Chukua 3,600,000, gawanya kwa ile namba ya kwenye mita, jibu ligawanye kwa sekunde ulizohesabu. Unachopata ni wati zinazotumika muda ule. Mita ya 1000 ikimulika kila sekunde 24, friji inavuta wati 150.

Kama mita yenu iko juu ya nguzo na ndani mmepewa kirimoti cha kuingizia namba, njia ni rahisi zaidi, ila inataka siku. Mkiondoka asubuhi kwenda kanisani au kutembelea ndugu, acheni friji tu. Andika uniti zilizobaki wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Ikitumia uniti moja kwa saa kumi na mbili, siku nzima ni mbili.

Kuna jambo jingine la kuangalia siku hiyo hiyo. Chomoa na friji pia. Kitaa kikiendelea kumulika wakati hakuna kitu kilichowashwa, kuna waya unavujisha au kuna mtu amejiunganisha kwenu. Nyumba za kupanga za Dar zina siri nyingi ndani ya dari. Hapo unaita fundi umeme mwenye leseni, na mwenye nyumba awepo.

Friji sasa, maana ndiyo inayokula karibu nusu ya pesa yako, na umesema zamani umeme ulikuwa unafika siku kumi. Feni na tivi haziongezi ulaji zenyewe kadiri zinavyozeeka. Friji inaongeza.

Chukua noti, ibane kwenye mlango nusu ndani nusu nje, funga, halafu ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umelegea mahali hapo. Zungusha kipimo hicho juu, chini na pembeni, hasa upande wa bawaba. Friji za mtumba zimekuja na mpira uliokaa miaka mingi, na hewa ya pwani yenye unyevu ikipenya usiku na mchana kompresa haipumziki. Kwanza uoshe mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwani sharubati ya ubuyu iliyoganda pale huufanya usishike. Ukiwa umeshakunjamana na kuchanika, mafundi wa friji wanauza mpira na kuubadilisha, na kazi hiyo ni ndogo.

Kisha nenda nyuma. Ule wavu mweusi au zile nyaya za chuma ndiko joto linalotolewa ndani linakotokea. Likikosa njia, friji inarudia kazi ile ile mara mbili. Isogeze kiganja kimoja kutoka ukutani, ichomoe, futa vumbi na utando wa buibui, na toa maboksi yaliyopangwa juu yake. Kama iko karibu na jiko la mkaa au dirisha la jua la alasiri, ihamishe hata kama sebule itaharibika sura. Barafu ikigandamana kwenye kuta za friza kuzidi unene wa kidole, izime, iache iyeyuke. Usichokoe kwa kisu. Bomba la gesi limejificha pale pale, na likitoboka friji imekufa.

Barafu zako za kuuza hazina kosa unalolifikiria. Kugandisha lita moja ya sharubati kunahitaji, kwa makadirio, sehemu ya kumi ya uniti. Ukitengeneza paketi 40 za mililita 150, hizo ni lita sita, umeme wake ni kama shilingi 215. Ukiuza kwa mia mia unapata 4,000. Biashara inalipa, endelea nayo. Tatizo ni mtoto wa jirani anayekuja na mia yake, mlango unafunguliwa, paketi inatafutwa, chenji inatafutwa, mlango bado uko wazi, halafu anakuja mwingine. Mara 40 kwa mchana mmoja wa jua la Mbagala. Tafuta boksi la fomu, lile jeupe wanalobebea samaki, au ndoo yenye mfuniko uliyoizungushia blanketi kuukuu. Toa paketi kumi na tano kwa mpigo, uzia humo. Na ubuyu ukishauchemsha, uache upoe kabisa nje kabla hujauingiza. Sufuria ya moto frijini inaipa mashine kazi ambayo upepo wa dirishani ungeifanya bure. Tengeneza jioni, ufungashe usiku, ugande hadi asubuhi wakati nyumba ina ubaridi.

Watu wengi huzima friji usiku ili kuokoa. Kwa friji iliyojaa barafu unaokoa kidogo sana, maana asubuhi inakimbia kurudisha baridi ile ile iliyopotea, na wewe unataka barafu ziwe ngumu kufika saa nne. Usijisumbue.

King'amuzi ndicho kidogo kinachodanganya. Ukikizima kwa rimoti kinabaki kinakula karibu kile kile, wati 10 au zaidi, mchana na usiku, hata mkiwa kijijini. Kwa mwezi ni uniti 7, zaidi ya 2,500. Nunua ekstensheni yenye swichi, tivi na king'amuzi vikae hapo, na wa mwisho kwenda kulala azime swichi. Mpe kazi hiyo mume wako, ana kipaji nayo. Pasi: piga nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, anza na za kitambaa chepesi wakati inapata moto, na uzime kabla ya nguo mbili za mwisho. Feni ziacheni. Kwa joto la Dar mtu anayelala vizuri anafanya kazi vizuri, na ni kama shilingi 170 kwa feni moja usiku mzima.

Nije kwenye kupika, ambako nadhani utanibishia. Kwa 2,000 kila siku, mkaa peke yake ni 60,000 kwa mwezi. Hujauliza habari yake kwa uchungu kama wa LUKU, kwa sababu mkaa unanunuliwa kidogo kidogo na hauna mita. Lakini unazidi umeme wako wote.

Twende na mfano mmoja, kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai. Kwa jagi la umeme ni shilingi 50 na kitu. Kwa gesi yako ya 4,000 kwa kilo, kama 80, kwa sababu karibu nusu ya moto unapita pembeni ya sufuria. Kwa mkaa ni karibu 150, maana sado ina kama kilo moja, na kwenye jiko la bati la kawaida sehemu moja kati ya tano ya joto ndiyo inayoingia kwenye chakula. Zilizobaki zinapasha hewa na miguu yako. Basi lile jagi ulilokuwa unaliogopa ndilo la bei ndogo kuliko vyote kwa maji. Ila uchemshe maji unayoyahitaji, na ya asubuhi yote uyatie kwenye chupa ya chai, usichemshe mara nne.

Maharage ndiyo yanayommaliza mama wa nyumbani. Yaloweke usiku, asubuhi mwaga yale maji. Muda wa kupika unapungua sana, na tumbo pia linashukuru. Sufuria iwe na mfuniko unaokaa. Maji yakishachemka, punguza moto: yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu, yanakauka tu na kutaka kuongezwa. Kisha kuna kapu. Chukua kapu kubwa la ukili au ndoo pana, lizungushie ndani blanketi au mito ya nguo kuukuu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 20, na zile dakika kumi za mwanzo usizipunguze kamwe, maana maharage mabichi yana sumu inayoondolewa na mchemko wenyewe. Yatie na sufuria yake kwenye kapu, yafunike gubigubi, nenda sokoni. Saa tatu baadaye yako laini au yamekaribia, yanataka kuungwa. Wali pia unakubali: ukishakauka maji juu, uingie kapuni badala ya kupaliwa makaa.

Ukiweza kuweka pesa, kitu cha kununua ni jiko la presha la umeme, yale ya kufunga mfuniko na kubonyeza. Nusu kilo ya maharage humaliza kwa nusu uniti au pungufu, chini ya shilingi 180, kwa sababu likishafika presha linawaka na kuzima lenyewe. Makande, nyama ya supu, kongoro, yote ni kazi yake. Tuseme umeuziwa 150,000. Likikupunguzia mkaa wa 1,500 mara nne kwa wiki, umelirudisha ndani ya miezi saba, hata ukitoa umeme wake. Lichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba ya tivi itayeyuka. Gesi ibaki kwa chapati, kukaanga na siku umeme ukikatika, na mtungi wa kilo 6 utashangaa mwenyewe unavyokaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe huko ifikapo 2034. Wewe una sababu ya mfukoni ya kutosubiri. Kilo moja ya mkaa, kwa tanuri letu la udongo la porini, hutokana na kilo sita hadi kumi za mti.

Taka. Fanya jambo moja lisilopendeza: mwaga kiroba kimoja juu ya gazeti, utazame. Utakuta maganda ya ndizi, ya viazi, ya machungwa, mabua ya mchicha, kokwa za ukwaju, wali wa juzi, na katikati yake chupa mbili tatu na vimfuko. Harufu yote inatoka kwenye kundi la kwanza, na ndilo lenye uzito zaidi. Likitengwa, kiroba kinachobaki ni kikavu na hakinuki hata kikikaa wiki mbili.

Weka ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya maganda. Mbagala haikosi mtu wa mbuzi au kuku, mwambie mtoto wake apitie kila jioni. Asipopatikana, tengeneza mbolea: kiroba cha sandarusi kitobolewe pembeni, tandika majani makavu au vumbi la mbao, juu yake maganda, tena makavu, mwagia maji kiasi yakikauka. Kikianza kunuka, umezidisha mabichi, ongeza makavu na ugeuze. Usitie nyama, samaki wala mafuta, utaita panya. Kwa miezi miwili mitatu unapata udongo mweusi wa kupandia mchicha na pilipili kwenye ndoo zilizotoboka. Kisichofika hapo kinapanda gari kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, kinaozea chini ya rundo bila hewa na kutoa gesi ya methani, na wewe umelipia safari.

Wali wa juzi usingefika kwenye kiroba kama ungeingia frijini ukishapoa, badala ya kulala sufuriani mpaka asubuhi. Pima mchele kwa kikombe, andika watu wangapi wameshiba, wiki ijayo unajua. Nyanya za fungu zikianza kulainika, zichemshe zote, saga, gandisha kwenye vile vile vimfuko vya ubuyu.

Chupa za plastiki zioshe, zikanyage, zikae kiroba chake. Waokota chupa wanauza kwa kilo, na wataanza kupita mlangoni kwako wenyewe. Vimfuko vya barafu weka ndoo nje ya mlango ili watoto wavitupie humo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini hivi vidogo vimebaki na ndivyo vinavyoziba mifereji yetu kila masika. Usivichome kuwashia jiko. Moshi wake ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni wewe uliyeinama.

Umeuliza uanzie wapi. Wiki hii ni mpira wa friji, ekstensheni yenye swichi na ndoo ya maganda. Pesa inayobaki iende kwenye jiko la presha. Friji mpya iwe ya mwisho, na iwapo tu kipimo cha kuondoka na kuacha friji peke yake kimeonyesha inakula uniti mbili kwa siku hata baada ya kuoshwa na kubadilishwa mpira. Ukifanikiwa kushusha matumizi chini ya uniti 75 kwa mwezi, peleka namba ya mita ofisi ya TANESCO uulize habari ya kundi la D1, la wateja wanaotumia umeme kidogo, ambako uniti imekuwa shilingi 100 kabla ya kodi. Kwa friji hii ya sasa hutafika.

Siku ukienda kutafuta nyingine, hata ya mtumba, tafuta kibandiko chenye kWh kwa mwaka (kWh moja ndiyo uniti moja). Gawanya kwa 365 upate uniti za siku moja. Halafu kumbuka zile za Ulaya za zamani zilipimwa kwenye chumba chenye nyuzi 25, na chumba chako kinafika 32. Ikisoma 350, tarajia uniti moja na zaidi kidogo kwa siku. Ikisoma 600, hata muuzaji akikuapia kwa mama yake, iache hapo hapo.